Gari Lililokunywa Maji

ZAITUNI: Assalamu alaikum, na habari za saa hizi, wasikilizaji wetu mlioko Kampala, Busia, Arua, Kasese na kokote mnakotusikia. Mimi ni Zaituni, na aliyeketi mbele yangu, akiwa ameweka mezani kitu kilichofungwa kwa gazeti ambacho amekataa kukifungua tangu tulipofika, ni mwenzangu wa siku zote, Fundi Yusufu. Shikamoo, Fundi.

FUNDI YUSUFU: Marahaba, mwanangu. Nitakifungua wakati wake ukifika. Wewe kwanza wasimulie watu yaliyokupata.

ZAITUNI: Nitasimulia, ingawa ninaona haya kidogo. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, katikati ya mvua za mwisho wa mwaka, nami nilikuwa nikitoka mjini jioni nikielekea upande wa barabara ya Entebbe. Mvua ilikuwa imekatika, lakini pale karibu na Clock Tower, ambapo mfereji wa Nakivubo ukishindwa kubeba maji huyarudisha barabarani, lami haikuonekana tena. Teksi mbili za abiria zilinitangulia zikapita, nikajiambia kwamba palipopita teksi na mimi nitapita. Nilifika katikati salama. Kisha likaja lori kutoka upande wa pili, dereva wake akiwa na haraka zake, likasukuma wimbi lililopanda juu ya boneti hadi kwenye kioo, na hapo hapo injini ikazimika kama taa iliyokatiwa umeme.

FUNDI YUSUFU: Haikukohoa kwanza? Haikutetemeka?

ZAITUNI: Hata kidogo. Ilizimika mara moja. Vijana wakaja, maji yakiwafika magotini, wakaanza kulisukuma gari, na mmoja wao akainama dirishani akaniambia, "Madam, jaribu kuwasha." Nikageuza ufunguo. Ikatoka sauti moja kavu, "ko", kama nyundo iliyogonga chuma, kisha kimya. Nikajaribu tena, kimya. Tulipofika pakavu nikajaribu mara ya tatu, injini ikazunguka, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikawaka huku ikitikisika. Nikamshukuru Mungu, nikawapa vijana fedha ya soda, nikaenda. Siku ya pili fundi mmoja, ambaye sitamtaja kwa jina wala mahali, alikausha plagi, akabadilisha oili, akanirudishia gari akisema limepona. Wiki tatu baadaye, nikiwa ndani ya msitu wa Mabira kwenye barabara ya Jinja, nilisikia mlio kama mawe yanayotikiswa ndani ya sufuria. Kabla sijapata mahali pa kuegesha, kitu kilipasuka huko chini, na oili yote ikamwagika barabarani. Walipolivuta hadi gereji walinionyesha tobo ubavuni mwa bloku, yaani kiwiliwili cha injini, linaloingia ngumi yangu.

FUNDI YUSUFU: Kule kuwasha tena baada ya ile "ko" ndiko kulikolitoboa bloku. Wiki tatu zile zilikuwa safari tu kutoka kwenye kosa hadi kwenye matokeo yake. Mimi ningependa mazungumzo yetu ya leo yazunguke kwenye jambo hilo moja, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba maji yakishaingia injini imekufa, basi hakuna la kupoteza wakijaribu kuwasha. Ukweli ni kinyume chake. Injini iliyozimika ndani ya maji mara nyingi bado ni nzima, au karibu nzima, na anayeiua ni dereva mwenyewe kwa mkono wake, anapogeuza ufunguo.

ZAITUNI: Basi tuanzie ndani. Msikilizaji ambaye hajawahi kuiona injini ikiwa imefunguliwa aelewe kwamba ndani yake kunatendeka nini.

FUNDI YUSUFU: Injini inapumua kama wewe unavyopumua. Pistoni, kile kizibo cha chuma kinachopanda na kushuka, ikishuka ndani ya silinda, valvu ya kuingizia hufunguka na hewa huvutwa ndani. Pistoni ikipanda, valvu zote huwa zimefungwa, na hewa ile hushindiliwa hadi ijae kwenye kijumba kidogo kilichobaki juu, chini ya sirinda hedi, kifuniko cha juu cha injini. Kisha moto, kisha moshi hutolewa, na mzunguko unaanza upya. Kila kitu hapo kinategemea tabia moja ya hewa, nayo ni kwamba hewa hushindilika. Unaweza kuibana hadi ikawa sehemu ya kumi ya ilivyokuwa. Maji hayana tabia hiyo. Maji ukiyabana hayatoki kwenye kipimo chake kwa kiasi chochote cha maana, kwa hiyo pistoni inayopanda ikiyakuta maji yamejaa kile kijumba cha juu, kwake yeye ni sawa na kukuta chuma.

ZAITUNI: Na maji hayo yanahitaji kuwa mengi kiasi gani? Mimi nilikuwa nikifikiri labda ni nusu ndoo.

FUNDI YUSUFU: Gari lako lilikuwa la lita 1.8, lenye silinda nne. Kila silinda, basi, inavuta takribani mililita 450. Injini nyingi za petroli za aina hiyo zimetengenezwa kwa mshindilio wa 10 kwa 1, maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni mililita 50 tu. Nyumbani kwenu Bombo, mgeni akija, mnampa kahawa kwenye nini?

ZAITUNI: Kwenye finjani.

FUNDI YUSUFU: Na finjani hiyo moja, ikimwagwa ndani ya silinda moja, inatosha kuisimamisha injini nzima. Dizeli ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu dizeli huwaka kwa joto la kushindiliwa na kwa hiyo hushindilia zaidi. Chukua dizeli ya lita 2.5 yenye mshindilio wa 18 kwa 1: nafasi ya juu haizidi mililita 37, yaani vijiko vya mezani viwili na nusu. Tena si lazima maji yaijaze nafasi hiyo yote. Hata nusu yake inakula nafasi ya hewa, na shinikizo linapanda kupita kiasi ambacho vyuma vile vilipangiwa kubeba.

ZAITUNI: Kwa hiyo kitu kinachovunjika si pistoni yenyewe?

FUNDI YUSUFU: Mara nyingi pistoni haina habari. Anayeumia ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na kranki, yaani mhimili unaozunguka huko chini. Kutoka juu pistoni imegoma, na kutoka chini kranki bado inasukuma, kwa sababu kuna uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki, na kuna silinda nyingine tatu zinazoendelea na kazi. Konrodi iko katikati yao, na ikiwa injini ilikuwa inazunguka taratibu, inaweza kunusurika, injini ikazimika tu. Ikiwa dereva alikuwa amekanyaga mafuta, konrodi hupinda, na wakati mwingine huvunjika papo hapo na kutoka kwa ubavu wa bloku, kama ilivyokutokea Mabira.

ZAITUNI: Lakini mimi gari lilizimika mara moja, na wewe unasema huenda bado lilikuwa zima. Stata ni kimota kidogo tu. Inapataje nguvu ya kupinda chuma?

FUNDI YUSUFU: Swali zuri, na hata mafundi hulibishania. Stata peke yake mara nyingi hukwama, na ile "ko" uliyoisikia ilikuwa ni stata ikijigonga kwenye maji. Ungeachia hapo, pengine tungeongea habari nyingine leo. Hatari inakuja pale ambapo silinda moja ina maji na nyingine ni kavu. Stata ikiweza kuizungusha injini kidogo tu hadi ile kavu ishike moto, mlipuko wake unaisukuma kranki kwa nguvu ambayo stata haiijui hata kwa ndoto, na nguvu hiyo inaishia kwa mwenzake aliyejaa maji. Ndivyo ilivyokuwa ile mara yako ya tatu, pale pakavu, ulipomshukuru Mungu. Maji yalikuwa yamepungua kidogo kwa kupenya kwenye ringi, injini ikapata upenyo wa kuzunguka, ikawaka, na konrodi ya silinda mojawapo ikapinda.

ZAITUNI: Na wanaosukuma gari la gia za mkono ili liwake?

FUNDI YUSUFU: Hao ndio ninaowaogopa kuliko wote. Vijana sita wamelisukuma gari la tani nzima, limeshika mwendo, dereva ameweka gia ya pili na kuachia klachi. Uzito wote ule unashuka kupitia magurudumu hadi kwenye kranki, na kranki inaupeleka kwenye konrodi moja. Afadhali ufunguo mara kumi kuliko hilo, ingawa simshauri mtu hata ufunguo mara moja.

ZAITUNI: Inaonekana ni balaa la magari ya kisasa, lakini nimesikia kwamba hata treni za zamani zilikuwa na tatizo kama hili.

FUNDI YUSUFU: Si treni tu. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, vichwa vya treni vilivyokuja nayo vilikuwa vya mvuke, na mvuke ukipoa ndani ya silinda hugeuka maji. Ndiyo maana dereva, kabla ya kuondoka stesheni, alifungua vali ndogo zilizo chini ya silinda ili maji yatoke, na ule wingu mweupe unaouona kwenye picha za zamani, ukitoka pembeni mwa magurudumu ya mbele, mara nyingi ni hayo maji yakifukuzwa. Kwenye ndege za zamani zenye silinda zilizopangwa kama jua, oili ilikuwa ikijikusanya kwenye silinda za chini wakati ndege imeegeshwa, na kabla ya kuwasha ilibidi watu waizungushe propela kwa mikono, taratibu, wakisikiliza kama kuna mahali inagoma. Wote hao walijua kwamba huwashi kwanza ndipo uulize. Sisi wenye ufunguo na kitufe tumesahau.

ZAITUNI: Turudi kwenye maji ya Kampala. Nilipolisimulia jambo hili kwa majirani, kila mmoja aliniambia kwamba maji yaliingia kwa ekzosi, na kwamba ningeendelea kukanyaga mafuta yasingeingia.

FUNDI YUSUFU: Hiyo imeenea sana, nayo ina chembe ya ukweli ndiyo maana haifi. Injini ikiwa inawaka, moshi unatoka kwa msukumo, na maji ya kina cha kawaida hayawezi kurudi nyuma dhidi yake. Injini ikizimika maji yanaweza kupanda kwenye bomba, ni kweli. Lakini ili yafike kwenye silinda yanapaswa kupita sailensa na kupanda hadi juu ya injini, na hayana wa kuyavuta. Njia ya hewa ni tofauti, kwa sababu huko kuna mvutano. Dizeli ile ya lita 2.5 ikizunguka mara 2000 kwa dakika inameza karibu lita 2500 za hewa kila dakika, yaani madumu mawili ya lita ishirini kila sekunde. Mdomo unaovuta hivyo ukiguswa na maji hauyaonji, unayameza. Na mtu anayekanyaga mafuta kwa kuogopa ekzosi anaongeza mvutano huo huo.

ZAITUNI: Na mdomo huo uko wapi kwenye gari?

FUNDI YUSUFU: Mimi huuita pua. Fungua boneti, tafuta boksi jeusi la eya klina, linalochuja hewa, kisha ufuate kwa mkono bomba linaloingia humo kutoka nje. Usilifuate kwa macho, lifuate kwa mkono, kwa sababu bomba hilo hupenda kujificha. Kwenye magari mengine linaishia juu, nyuma ya grili, mahali pazuri. Kwenye mengine linashuka nyuma ya taa hadi ndani ya madigadi, likafungulia karibu kabisa na bampa, na mwenyewe akiangalia kutoka juu anadhani pua yake iko kwenye usawa wa taa, kumbe iko chini zaidi. Kuna pia wale vijana wanaotaka gari lingurume, wanaondoa boksi la kiwandani na kufunga chujio lililo wazi nyuma ya bampa ili livute hewa baridi. Siku ya jua ni jambo jema. Siku ya mvua ni kama kumlaza mtoto kifudifudi kwenye beseni la maji.

ZAITUNI: Fundi!

FUNDI YUSUFU: Samahani, lakini ndivyo ilivyo. Na liko jambo jingine la magari yetu haya yaliyotumika. Gari limegongwa mahali fulani, bampa limebadilishwa, na kile kipande cha mwisho cha bomba kimevunjika na kutupwa. Boksi limebaki na tundu wazi linalotazama chini. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kukuambia habari hizo.

ZAITUNI: Tuseme nimeupata usawa wa pua, na ni sentimita 60 kutoka ardhini. Maji ya pale Clock Tower hayakuwa ya sentimita 60. Vijana yaliwafika magotini tu.

FUNDI YUSUFU: Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, kwa kuwa wanapima maji yaliyotulia. Barabarani maji hayatulii. Gari linapoingia linasukuma wimbi mbele yake. Likienda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadilisha mwendo, wimbi hilo linakaa mbele ya bampa, na nyuma yake, chini ya boneti, maji yanashuka kidogo, jambo linalokusaidia. Ukiongeza mwendo unalipanda wimbi lako mwenyewe. Ukisimama ghafla, linakurudia. Na likija lori, kama lile lako, linakuletea wimbi lake likikutana na lako, na mawimbi mawili yakikutana hupanda. Ongeza feni ya rejeta, ambayo ikizunguka ndani ya maji huyatupa kila mahali, na yenyewe inaweza kujipinda ikakwangua rejeta. Kwa hiyo zima kiyoyozi, kinachoifanya feni izunguke, kabla ya kuingia.

ZAITUNI: Basi kina gani ndicho cha kuogopa?

FUNDI YUSUFU: Kwa gari dogo, katikati ya gurudumu ni mwisho wangu mimi. Kwa matairi ya kawaida ya rimu ya 14 au 15 hapo ni sentimita 30 hivi. Na kina hicho kina sababu ya pili isiyohusu injini hata kidogo. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani imekuwa ikiwaonya madereva kwamba maji yanayokwenda kasi, yakifika sentimita 30, yanaweza kuchukua gari dogo, na yakifika sentimita 60 yanachukua magari mengi, pamoja na pikapu. Gari ni boksi lenye hewa, nalo huelea. Kwa maji ya mtoni, mimi siongelei konrodi, ninaongelea roho za watu.

ZAITUNI: Lakini wenye magari makubwa wanasema yao yanaruhusiwa kuingia.

FUNDI YUSUFU: Watengenezaji hutoa kipimo. Ford Ranger za miaka ya karibuni hutajiwa milimita 800, Toyota Hilux milimita 700. Isomeni vizuri: ni maji yaliyotulia, ni mwendo wa polepole, na ni gari ambalo mabomba yake yote bado yako mahali pake. Lile bomba refu linalopanda pembeni ya kioo, ambalo vijana huliita snokeli, linasaidia kwelikweli ikiwa viungio vyake vyote vimezibwa hadi kwenye boksi. Nimeona mengi yaliyofungwa kwa ajili ya urembo, yana kichwa kule juu na pengo huku chini ambapo kidole changu kinapita.

ZAITUNI: Mwezi Mei mwaka 2023, mto Katonga ulipofurika na kuikata barabara ya Kampala na Masaka, magari yalizungushwa kupitia Mpigi, Gomba na Sembabule. Ninakumbuka jinsi watu walivyolalamikia urefu wa mzunguko ule.

FUNDI YUSUFU: Mzunguko una gharama ya mafuta na saa kadhaa. Mimi kwa maji ya Katonga ningezunguka mara mbili. Maji yale yalikuwa yamekula barabara kwa chini, kwa hiyo hata anayepima kina alikuwa anapima kitu kisichokuwepo. Hapa mjini nako, kwa Bwaise au Kalerwe, chini ya maji kuna mfereji uliopotea kingo zake, na kuna mashimo ambayo vifuniko vyake vimeibwa. Teksi iliyokutangulia ilipita kwa sababu dereva wake anaijua kila hatua ya njia ile, na pua ya teksi yake huenda iko juu kuliko yako.

ZAITUNI: Haya, tuseme ajali imetokea. Gari limezimika katikati ya maji. Dereva afanye nini, hatua kwa hatua?

FUNDI YUSUFU: Aondoe mkono kwenye ufunguo. Maji yakiwa yanapanda, aondoke yeye na watu wake, gari libaki. Yakiwa yametulia, gari lisukumwe gia ikiwa huru, si vinginevyo, hadi pakavu, na kabla ya kufanya lolote afungue boksi la eya klina. Chujio la karatasi litamwambia ukweli wote. Likiwa kavu, huenda injini yake ya petroli imezimika kwa sababu ya unyevu kwenye plagi, koili au sensa, na hiyo ni bahati, kwani umeme umekata kabla injini haijameza. Dizeli za zamani hazina bahati hiyo. Zenyewe huendelea kuunguruma hadi zimeze. Chujio likiwa limelowa, limevimba kama mkate ulioanguka kwenye chai, na chini ya boksi kuna matope na majani, basi gari livutwe hadi kwa fundi, na injini isizungushwe hata mara moja njiani.

ZAITUNI: Na fundi naye afanye nini? Kwa maana wangu alikausha plagi akamaliza.

FUNDI YUSUFU: Kwanza achomoe plagi zote, kwa dizeli achomoe nozeli au plagi za kupashia joto. Atoe fyuzi ya pampu ya mafuta. Kisha ashike spana kwenye bolti ya puli ya kranki na kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Maji yatatoka kwenye matundu ya plagi, na mtu asisimame akiyachungulia. Baada ya hapo ndipo stata itumike kidogo, matundu yakiwa bado wazi, hadi kutoke hewa tupu. Aangalie kijiti cha oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamefika chini, nayo imwagwe, filta ibadilishwe, na baada ya kuwaka kidogo imwagwe tena. Oili ya gia boksi na ya difu zikaguliwe vilevile. Kazi hii haisubiri Jumatatu, kwa sababu kuta za silinda zikilala na maji zinaanza kushika kutu upesi sana. Hayo yote fundi wako huenda aliyafanya au hakuyafanya. Alichokiacha ni hiki.

ZAITUNI: Wasikilizaji, amelifungua gazeti. Ni konrodi. Kwa kweli mimi kwa jicho langu ninaiona imenyooka.

FUNDI YUSUFU: Ishike, uilaze mezani kwa ubavu.

ZAITUNI: Haikai. Inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Sasa ninaona: hapa katikati, karibu na upande mnene, imejikunja kidogo mno, kama mtu aliyesimama akiegemea nguzo.

FUNDI YUSUFU: Ilitoka kwenye gari jingine lililozama, na mwenyewe alilileta kabla halijavunjika. Imepungua urefu kwa milimita mbili tu. Injini yenye konrodi kama hiyo inawaka, inatembea, inaenda Jinja na kurudi. Lakini pistoni yake haifiki juu inakotakiwa, kwa hiyo mshindilio wa silinda ile ni mdogo, na hapo ndipo mtikisiko wako ulipotoka. Na ikishuka, inashuka zaidi ya wenzake, wakati mwingine hadi ikagusana na kranki. Chuma kilichopinda mara moja huzidi kuchoka kila mzunguko, maelfu kwa dakika, hadi kikate. Kwako kilihesabu wiki tatu.

ZAITUNI: Na ingewezekana kuligundua bila kuifungua injini yote?

FUNDI YUSUFU: Kwa kipimo cha mshindilio, kwanza. Silinda tatu zikisoma sawa na moja ikabaki nyuma, ujue. Halafu kuna njia yangu ya kimaskini ambayo haijawahi kunidanganya. Ninachukua kijiti cha mshikaki, kile kirefu cha mianzi, ninakishusha kwenye tundu la plagi hadi kikae juu ya pistoni, na msaidizi anazungusha kranki polepole. Pistoni ikifika kileleni, ninaweka alama ya kalamu kwenye kijiti, usawa wa ukingo wa tundu. Silinda nne, vijiti vinne, kisha ninavipanga mezani. Alama moja ikiwa juu zaidi ya wenzake, maana kijiti kimezama zaidi, sina haja ya kumwuliza mteja kama gari lilikunywa maji.

ZAITUNI: Kijiti cha mshikaki. Na mimi nililipa injini nzima ya mtumba. Bima yangu ilikuwa ya mtu wa tatu tu, ile ya lazima, nayo haihusiki na injini yangu mwenyewe.

FUNDI YUSUFU: Hata mwenye bima kubwa asome vifungu kabla ya mvua. Zipo zinazolipia mafuriko na zipo zisizolipia, na zipo zinazotofautisha gari lililofikwa na maji likiwa limeegeshwa na lile ambalo dereva aliliingiza mwenyewe. Sina zaidi ya hapo, mimi si mtu wa karatasi.

ZAITUNI: Ndugu zetu wa boda boda je? Ninawaona wakipita kwenye maji ambayo mimi ninayakimbia.

FUNDI YUSUFU: Pikipiki nyingi zina boksi la hewa chini ya kiti au ubavuni, juu kiasi, na silinda ni moja tu. Ikimeza maji inagoma pale pale, na wao wana stata ya mguu inayowaambia mapema, kwa kuwa teke likigoma wanajua kuna kitu. Achomoe plagi, apige teke mara kadhaa maji yatoke, akaushe, aendelee. Kosa lao ni kulazimisha teke kwa uzito wa mwili mzima.

ZAITUNI: Fundi, kabla ya kuagana. Gari langu jipya, jipya kwangu mimi maana yake, liko hapo nje ya dirisha. Nilinunua lenye pua ya juu. Angalau aliyeniuzia alisema hivyo.

FUNDI YUSUFU: Nilipofika nilipita nalo. Boneti lilikuwa wazi, nikaingiza mkono. Bomba linapanda hadi karibu na taa, kisha linageuka na kushuka ndani ya madigadi ya kushoto. Nilichukua futi yangu. Ni sentimita 47.

ZAITUNI: Arobaini na saba.

FUNDI YUSUFU: Kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa tundu. Nimebandika utepe mweupe kwenye mlango wako, usawa huo huo, upande wa dereva. Na hayo mawingu yaliyoko juu ya Kololo siyapendi, kwa hiyo tukimaliza hapa, leo pitia njia ya juu.